Kioo cha Juu ya Bati

Wenzangu wa Iringa, leo nimeadhirika mchana kweupe. Walioshuhudia ni mchungaji, rubani wa kweli, baba mdogo, na Lusungu wenu. Kuku pia walikuwepo, ila hao hawatasimulia.

Sheria yetu mnaijua. Anayeharibu ndiye anayeandika, na anaandika siku hiyohiyo, kabla hajapata muda wa kujitetea. Kisha waraka unazunguka na kila mmoja anaunakili, ili kosa moja lisifanywe na watu wawili. Sheria hiyo niliipendekeza mimi. (Nilidhani itawahusu wengine.)

Kosa lenyewe nalitaja mapema, nisije nikalizunguka. Tulipokuwa tunachagua namna ya kuonyesha mandhari kwenye ndege yetu ya mazoezi, niliuliza swali moja tu: picha ipi inafanana zaidi na kweli? Swali la pili sikuliuliza. Nimeulizwa leo, mbele za watu.

Kwa wale watakaopata waraka huu bila kutujua: sisi ni vijana wachache wa Mbeya na Iringa tunaotengeneza ndege isiyoruka. Ina kiti cha lori, usukani wa mpini wa jembe, na saa za ubao za mwendo na kimo, ambazo mishale yake tunaisogeza kwa kidole. Mtu anakaa, anashika usukani, anajifunza kuongoza ndege bila kuhatarisha shingo yake. Michoro yetu haina mwenyewe. Anayetaka anachukua, anatengeneza ya kwake, na akigundua namna iliyo bora anatuambia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ndege. Tunazijua kwa chini, kama kifaranga anavyomjua mwewe.

Tatizo lilikuwa dirisha. Rubani lazima aone kitu nje. Akione kwa njia gani?

Njia ya kwanza ilikuwa ya Lusungu. Yeye anafundisha ushonaji huko Iringa. Aliunga vipande vya marekani vikawa kitambaa kimoja kirefu, akachora juu yake safari yote ya Iringa hadi huku kwetu, kama inavyoonekana kutoka angani: Ifunda, misitu ya Mafinga, reli mpya pale Makambako, milima ya Chimala upande mmoja, na upande mwingine mbuga za Usangu na ng'ombe wake. Kitambaa kinaviringishwa kwenye magogo mawili. Mtu anakanyaga pedali za baiskeli kwa nyuma, na nchi inapita mbele ya rubani.

Njia ya pili ilikuwa projekta ya kuazima. Stoo tunamotengenezea ndege haina umeme. Ikaishia hapo.

Njia ya tatu ilikuwa yangu. Niliitoa kwenye kitabu cha fizikia kisicho na jalada, sura ya mwanga. Unatoboa bati. Kwenye tundu unaweka lenzi ya miwani ya kusomea, na juu ya lenzi unaweka kioo cha kujitazamia, kimeinama mshazari. Chumba kikiwa giza totoro, mambo ya nje yanaanguka juu ya meza nyeupe chini ya tundu, na rangi zake, na moshi unaopanda, na majani yanayotikisika. Hakuna aliyeyachora. Kioo nilikiunganisha na usukani kwa waya za breki. (Mimi ni fundi baiskeli. Kila tatizo kwangu lina jibu la baiskeli.) Ukivuta usukani, kioo kinainuka unaona mlima wa Loleza. Ukiusukuma, kinainama unaona chini.

Nilipoiona picha ile mara ya kwanza nilikaa sakafuni. Nilipoinuka nikawaandikia ninyi. Mnakumbuka niliyoyasema kuhusu kitambaa. Nilisema miti yake ni mikubwa kuliko nyumba. Nilisema ng'ombe wake wa Usangu wana miguu mitatu. Lusungu alijibu kwa mstari mmoja: mguu wa nne uko nyuma.

Mkakubali njia yangu. Sidhani kama niliwashinda kwa hoja. Nadhani mlichoka kusoma.

Sasa, stoo hiyo ni ya baba mdogo, na mahindi yanaingia wiki hii. Ndege ikawa haina pa kwenda. Usharika wetu una chumba nyuma ya kanisa, darasa la zamani, na mchungaji aliahidi kuja leo kuangalia kama kitu chetu kinastahili. Akiridhika, chumba chetu. Asiporidhika, ndege inavunjwa na mbao zinakuwa kuni. Baba mdogo alishaonyesha hata mahali pa kuzipanga.

Lusungu aliingia jana kwa basi, kitambaa begani kimeviringishwa kama mkeka.

"Hicho umekuja nacho cha nini?" nikamwuliza. (Salamu yangu ya kwanza kwa mgeni aliyesafiri kutwa.)

"Nimekuja na nguo zangu na kitambaa changu," akasema. "Kwani nimekuomba unibebee?"

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, akatokea jikoni. "Gwamaka, mpokee mwenzio mzigo. Maneno hayaozi, utayakuta."

Kitambaa kikawekwa pembeni ya stoo, juu ya magunia matupu.

Leo asubuhi nilianza kazi kabla ya chai. Nilifagia sehemu yote ya nje inayoweza kuonekana na kioo. Nilimwomba jirani aanue blanketi lake jekundu kwa sababu lilikuwa linavuta macho. Nilihamisha mbuzi. Nilipangusa kioo, nikashuka, nikaona alama ya kidole, nikapanda tena. Meza niliisogeza kushoto, upana wa uzi. Nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja, nikaisogeza kulia.

"Mwanangu," mama mdogo akaniita kutoka mlangoni, "hiyo meza imekukosea nini?"

"Haijakaa sawa, mama mdogo."

"Inataka kukaa. Wewe ndiye unayeisimamisha."

Kitu kimoja zaidi kilikuwa kinanikera. Upepo ukivuma, picha ilitikisika. Kidogo tu, lakini mimi niliiona. Kwa hiyo niliongeza kibano. Usukani ukiachiwa kioo kikiwa kimetulia, kibano kinakishika chenyewe. Kukiachia, unakanyaga kipande cha chuma chini ya meza. Nilikijaribu mara nyingi. Kilishika vizuri mno.

Mama mdogo akauliza swali la maana, na mimi nikalijibu kijinga.

"Wageni wanataka kula. Jiko la ndani lina moshi, nitapikia nje. Sasa mimi nitaonekana humo kwenye meza yako?"

"Huonekani. Kioo kinaangalia mlima. Fanya shughuli zako kama hatupo."

(Maneno hayo niandikieni kwenye msalaba wangu.)

Wageni wakafika. Mchungaji wetu ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito. Alikuja na rubani wa ndege ndogo inayopeleka dawa hospitali za mbali. Watu wote humwita Kapteni. Nilimpa shikamoo kabla hajafika, akiwa bado ng'ambo ya uzio, kisha nikampa tena alipofika.

Baba mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa, akanitambulisha. "Kijana wangu huyu amejifundisha mwenyewe. Hana haraka. Kitu akikishika, hakiachi mpaka sisi wengine tumechoka."

Mchungaji akasema hiyo ni tabia nzuri. Baba mdogo akasema ndiyo, wakati mwingine.

Tukaingia. Nikafunga mlango, nikaziba nyufa kwa mablanketi. Giza likawa giza. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kufungulia, na niliyasema yote, nikamalizia kwa kuwaomba waangalie meza.

Wakaangalia. Palikuwa peusi.

Tukasubiri. Mtu akakohoa.

"Ndugu Gwamaka," mchungaji akasema taratibu, "tunaangalia nini?"

"Mbeya, Mchungaji."

"Iko wapi?"

"Kuna wingu limepita mbele ya jua."

Mlikuwa mnalijua hili? Mimi sikulijua. Siku zote nilifanya majaribio jua likiwa kali, kwa sababu siku za mawingu picha haikuwa nzuri na mimi sipendi picha isiyo nzuri. Nilisimama gizani nikahisi masikio yanawaka.

Kapteni ndiye aliyeniokoa. "Hapo umepatia," akasema. "Asubuhi nyingi ndivyo ninavyoiona Mbeya."

Wakacheka, cheko la wema. Na katikati ya cheko hilo jua likatoka.

Niacheni niseme hili kabla sijafika kwenye aibu. Lilipotoka, Loleza yote ilidondoka juu ya meza. Mikaratusi ilikuwa inayumba. Moshi ulikuwa unapanda kutoka paa la mtu. Mchungaji alivua kofia. Akanyoosha mkono taratibu, na mlima ukapanda juu ya kiganja chake, akautazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Baba mdogo alisema neno la Kinyakyusa ambalo huwa analisema msibani. Hata Lusungu alisogea.

Mambo yangeishia hapo ningewaandikia waraka mwingine kabisa.

Kapteni akakaa kwenye kiti cha lori, nami nikaachia kibano. Akashika mpini wa jembe kwa adabu, kwa vidole, kama kikombe cha chai ya moto. Akavuta. Mlima ukashuka, mbingu ikaingia. Akapinda kushoto, mikaratusi ikateleza kulia. Waya zangu za breki zilifanya kazi bila kelele.

"Tumesharuka?" akauliza.

"Ndiyo, Kapteni."

"Tuko wapi?"

"Juu ya Mbeya."

Akaendelea kushika usukani. Tukaendelea kuangalia. Baada ya muda akasema, "Ule mkaratusi."

"Ndiyo, Kapteni."

"Uko palepale."

"Ndiyo."

"Na ile nyumba ya moshi."

Nayo ilikuwa palepale.

"Kijana, picha ni ya kweli kabisa. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Sasa inakwendaje mbele?"

Hilo ndilo swali la pili.

Nikaanza kueleza. Kioo kimepigwa misumari kwenye bati. Bati liko juu ya nyumba. Na nyumba (hapa baba mdogo alinisaidia, bila kuombwa) "imejengwa kwa msingi wa mawe." Ndege yangu inaweza kuinua kichwa, kukiinamisha, kukigeuza kushoto na kulia, kama mgonjwa kitandani. Kwenda haiwezi. Miezi yote ile nilikuwa nahangaika na alama za vidole.

Lusungu hakusema kitu. Nilimsikia jinsi ambavyo hasemi kitu.

"Haidhuru," Kapteni akasema kwa upole. "Basi tushuke, tuone chini."

Akausukuma usukani wote mbele.

Kioo kikainama. Mlima ukaondoka, likaja paa la jirani, ukaja uzio, ukaja uwanja wetu nilioufagia, na katikati ya uwanja, angavu kama picha ya kalenda, jiko la mafiga matatu, majirani wawili wakimenya viazi, na mama mdogo.

Kapteni akauachia usukani, kibano kikasema ta.

Mwanzoni hakukuwa na ubaya. Mama mdogo alikuwa anakoroga sufuria. "Ndiye mwenyeji wetu," mchungaji akasema kwa furaha. "Anahangaika kwa ajili yetu."

Kisha mama mdogo akainua mwiko. Akafumba jicho moja. Akaupima mwiko dhidi ya sufuria. Akarudi hatua kadhaa nyuma, akainama, akalitazama sufuria kwa jicho lile moja, akarudi mbio, akalisogeza upana wa uzi. Akarudi tena nyuma. Akatia ukucha mdomoni.

Majirani wakaangukiana.

"Anafanya nini?" Kapteni akauliza.

"Anapika," akasema baba mdogo.

"Anamwigiza mtu," akasema mchungaji. "Nani huyo?"

Wote wakageuka, nadhani kuuliza. Wakanikuta nimeinama juu ya meza, jicho moja nimelifumba, ukucha uko mdomoni.

"Aa," akasema Kapteni.

Nikatafuta kile kipande cha chuma kwa mguu, gizani. Nikakipata. Nikakikanyaga kwa nguvu zangu zote. Kilikuwa kiatu cha Kapteni.

Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza. Kutoka kule chini nilisikia tu. Nilisikia baba mdogo akisema, "Huyo mwingine simjui." Lusungu amenieleza baadaye: mama mdogo alikuwa ameweka mikono nyuma, ametoa tumbo mbele, anazunguka uwanja kukagua kila kitu kama mwenye nchi, na watu walipogeuka akadokoa nyama sufuriani. "Ni jirani," baba mdogo alisema. "Tena wa mbali."

Nilikipata kipande cha chuma. Nikakivuta. Waya ukakatika. Kibano hakikuachia. (Kazi yangu ni imara, mtu asiseme vinginevyo.) Nikatoka chini ya meza wakati uleule ambao mama mdogo alikuwa anajitanda kanga mabegani kama joho.

Nikajua kinachofuata. Watu wote wa usharika wetu wangejua.

Alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Akasimama wima, mrefu, mpole. Akainua kidole kimoja, maana yake: neno la mwisho. Akatazama saa kwenye mkono usio na saa. Akaitikisa. Akaiweka sikioni. Akaridhika kwamba imesimama. Akainua kidole tena: neno la mwisho. Jirani mmoja alilala chini kabisa, miguu juu, na kiazi mkononi.

Mimi niliangalia ukuta, nikakiona chumba kinaondoka, nikaziona mbao zetu zimepangwa pale baba mdogo alipoonyesha.

"Mama mdogo!" nikaita kwa nguvu kupitia ukutani.

Mezani, mama mdogo akaacha. Akaweka mkono sikioni. Sauti yake ikatujia kutoka nje, kwa nyuma yetu: "Waambie wavumilie, viazi havijaiva!" Kisha akageuka kwa majirani, akafumba jicho moja, akaniigiza jinsi nilivyoita.

Mchungaji akainamia meza.

"Kidole ni changu," akasema mchungaji.

Akautazama mkono wake wa saa.

"Na saa huwa naiweka sikioni kweli?"

"Mara chache, Mchungaji," akasema baba mdogo.

Lusungu alitoa mlio ambao siwezi kuuandika.

Mimi nikang'oa blanketi, nikafungua mlango ili mwanga uifute picha. Mama mdogo akadhani namwita. Akaja na mwiko wake, kanga bado iko mabegani, uso umejaa raha. "Mmeshashuka?" akauliza.

Akatutazama mmoja mmoja. Akaitazama meza nyeupe. Akainua macho akaliona tundu kwenye bati. Akageuka, akatazama uwanja wake, mafiga yake, na kinu. Nilimwona akihesabu.

Akaweka kiganja mdomoni, akaondoka.

Chakula waliletewa na majirani. Mama mdogo hakuonekana. Kuku alikuwa mtamu, na baba mdogo hakugusa hata kipande cha nyama. Mimi nilikuwa nimekaa najionea huruma, nakumbuka ule ukucha, na ilinichukua muda mrefu kuliko inavyostahili kufikiri kwamba mtu aliyeumbuka zaidi yuko jikoni, na ndiye aliyeniuliza kama ataonekana.

Nilikuwa nainuka niende. Mchungaji akanitangulia. Akanawa mikono, akaenda mwenyewe hadi mlango wa jiko. Tulisikia yote. Nyumba yetu ni ndogo.

"Nisamehe, baba," mama mdogo alisema. Sauti ilitoka chini, alikuwa amepiga magoti.

"Inuka, mama. Nimekuja kuomba kitu."

"Sema, baba."

"Ile ya saa. Ifanye tena. Kule ndani haikuwa na sauti."

"Siwezi, Mchungaji."

"Umeifanya mbele ya kuku."

Kisha tukasikia sauti nzito, ya mchungaji kabisa, ikitoka kwenye kifua cha mama mdogo: "Na sasa, wapendwa, neno la mwisho." Tukasikia majirani. Kisha tukasikia cheko ambalo sijawahi kulisikia kanisani. Mchungaji alirudi anafuta macho kwa leso. Baba mdogo akachukua paja.

Nikapumua mapema mno.

"Sasa, kuhusu chumba," mchungaji akasema. "Kitu hiki mkikileta, mtahitaji kutoboa bati?"

"Tundu dogo, Mchungaji. Kama sahani."

"Bati la kanisa halitobolewi. Na Kapteni anasema hakiendi." Alisema kwa huzuni ya kweli. Akachukua kofia yake.

Kulikuwa na sentensi moja ya kusema, na mtu wa kuisema ni mimi. Lusungu asingeisema. Alikuwa anatazama dirishani, mikono mapajani, na nilijua angepanda basi kesho na kitambaa chake begani bila kuniambia neno. Wenzangu, meza niliisogeza asubuhi nzima. Ulimi ulikuwa mzito kuliko meza.

"Kuna kitambaa," nikasema.

Mchungaji akasimama.

"Kina miti mikubwa kuliko nyumba," nikasema.

"Na ng'ombe wa miguu mitatu," Lusungu akaongeza, bila kugeuka.

"Naomba mkione."

Tukafunga magogo mbele ya kiti cha lori, mlango wazi, mwanga wa mchana umejaa. Kapteni akakaa. Lusungu akasimama kando kuongoza kitambaa kisipande upande mmoja. Ikabaki nafasi moja, na mtu mmoja. Nikapanda kwenye pedali.

Iringa ikaondoka. Mimi nilikuwa nyuma, sikuona kitu isipokuwa kisogo cha Kapteni, lakini kisogo hicho kilinieleza yote. Ifunda kilikuwa kimetulia. Mafinga kikaanza kuinama. Makambako kilifuata reli kwa upande. Mchungaji alikuwa amesimama nyuma ya kiti na alikuwa anainama pamoja nacho. Kisha nikasikia Lusungu akisema, "Chimala." Kapteni alivuta mpini wa jembe kwa mikono miwili, akaegemea nyuma mpaka kiti kikalia, na mguu wake ukakandamiza sakafu. Baba mdogo alishika magunia.

"Taratibu wewe wa nyuma," Kapteni akapiga kelele, "unanipeleka milimani!"

Nikapunguza. Akapita salama. Nilisikia anapumua.

"Ng'ombe ni wengi hivi?" mchungaji akauliza.

"Ndivyo walivyo Usangu, Mchungaji," akasema Lusungu. "Nilipita nikawaona."

Hakuna aliyehesabu miguu.

Baada ya Uyole kitambaa kilikuwa cheupe. Kitupu. Nikaacha kukanyaga.

"Mbeya iko wapi?" akauliza Kapteni.

"Sijaichora," Lusungu akasema. "Nilikuwa nasubiri kuiona."

"Wingu tena," akasema Kapteni, na akashuka kwenye kiti akiwa anajinyoosha kiuno kama mtu aliyetoka safari.

Mchungaji akanitazama. Jasho lilikuwa linanichuruzika mpaka kidevuni. "Chumba chukueni," akasema. "Bati msiliguse."

Walipoondoka nilienda jikoni nikamwomba mama mdogo radhi. Alisema ndaga, ndiyo asante ya kwetu, yamekwisha, ila siku nyingine nikimwambia mtu haonekani niende kwanza nikaonekane mimi. Kisha Lusungu akatuita stoo. Alikuwa amerudisha mablanketi mlangoni, na ametandaza kile kipande kitupu cha marekani juu ya meza yangu. Juu ya kitambaa uwanja wetu ulikuwa umelala wote, na rangi zake.

"Picha yako ni nzuri," akasema. "Haiendi, lakini inakaa. Mimi nataka kitu kinachokaa, nipitishe penseli."

"Kibano kimekwama," nikasema. "Inaonyesha jikoni tu mpaka nitengeneze waya."

"Basi tuanze na jikoni."

Mama mdogo akatuuliza tunamchora akiwa amevaa nini, akaenda kubadilisha kanga, akarudi uwanjani akasimama kando ya mafiga bila kutikisika, mpaka viazi vya jioni vikaungua.

Kama mnacheka, chekeni mkiwa hukohuko Iringa, mimi nina kazi ya kuhamisha ndege kabla ya mahindi.

Mabadiliko ya michoro, mnakili: mandhari ni kitambaa cha Lusungu. Kioo kinabaki stoo kwa kazi ya kuchorea. Pedali nakanyaga mimi.

Gwamaka